Upepo Mmoja, Mashamba Mengi: Majira ya Mwaka na Mavuno ya Mpunga na Ngano

(Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyotolewa na mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya wakulima, wenye maduka na wazazi wa shule.)



Kwanza yanipasa kuwaambia mimi ni nani, ili asiwepo mtu wa kunidhania kuwa kitu nisichokuwa. Mimi si Bwana Shamba, wala si mtaalamu wa hali ya hewa. Kazi yangu ni kuyatwaa maneno ya wataalamu yaliyoandikwa kwa Kiingereza na kuyatia katika Kiswahili, ili yamfikie mkulima na mnunuzi. Katika kazi hiyo nimejifunza mambo mengi juu ya mvua, baridi na jua, na jinsi vitu hivyo vitatu vinavyoamua kama gunia litajaa au halitajaa. Hayo ndiyo ninayotaka kuwasimulia leo, na nitachagua mazao mawili tu, mpunga na ngano, kwa sababu wali na mkate sasa huliwa mjini na shambani, na hakuna nyumba isiyojua bei yake.

Nianze na upepo. Watu wa Mombasa na Lamu tangu zamani waligawanya mwaka kwa pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu mwezi wa Desemba hata Machi, ikileta joto na ukavu. Na ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huanza kuvuma baada ya hapo, nayo huendelea mpaka Septemba, na ndiyo iliyoyarudisha majahazi makwao. Katikati ya pepo hizo mbili, upepo unapogeuka, ndipo mvua zetu kubwa zinaponyesha: masika tangu Machi hata Mei, na vuli tangu Oktoba hata Desemba.

Sasa, jambo ambalo wengi hawalitambui ni hili: kusi haiishii pwani yetu. Mwaka 1969 mtaalamu mmoja wa hali ya hewa, J. Findlater, aliandika habari za mkondo mkubwa wa upepo upitao juu ya upande wa mashariki wa Kenya na Somalia, ukavuka bahari kuelekea Bara Hindi. Upepo huo huchukua unyevu wa bahari, na ufikapo huko katika mwezi wa Juni huwa ndio mvua kubwa inayojaza mashamba ya mpunga ya Wahindi. Lakini kwetu Kenya upepo huo huo wa Juni na Julai hauleti mvua nyingi. Hupanda miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, ukafanya mawingu mazito yasiyo na maji mengi, yakafunika jua siku nyingi, na hapo ndipo tunapovaa makoti. Basi upepo ni mmoja. Kwa mkulima wa Bara Hindi ni mvua ya kupandia, na kwa mkulima wa Mwea ni baridi ya kuogopwa.

Kwa nini nasema baridi hiyo ni ya kuogopwa? Twende Mwea, katika Kaunti ya Kirinyaga, mahali panapotoa sehemu kubwa ya mpunga wa Kenya tangu kazi ya umwagiliaji ilipoanzishwa katika miaka ya 1950. Mashamba yale hunyweshwa na mito miwili, Nyamindi na Thiba, na mchele wake wa pishori wajulikana kwa harufu yake nzuri. Mwea iko mahali pa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mpunga asili yake ni mmea wa nchi yenye joto.

Mmea wa mpunga una siku zake za hatari. Kiasi cha siku kumi au kumi na mbili kabla ya masuke kutokea, suke lingali limefichwa ndani ya shina, na chavua inafanyizwa humo. Ikiwa katika siku hizo usiku unakuwa wa baridi sana, chini ya digrii 18 hivi, na baridi hiyo ikadumu, chavua huharibika. Mkulima hataona lolote. Majani ni mabichi, shina ni zima, masuke yanatoka kwa wakati wake. Lakini badala ya kuinama kwa uzito, masuke yanabaki yamesimama wima, na mkulima akiyafikicha mkononi hupata mapepe matupu. Wazee husema kwamba suke lenye punje huinamisha kichwa. Mkulima aliyeona shamba zima likisimama wima wakati wa mavuno hasahau maisha yake yote.

Joto nalo lina hatari yake. Ua la mpunga hufunguka asubuhi, kwa muda wa saa moja au mbili tu, likafunga tena. Joto likizidi digrii 35 katika saa hiyo, chavua hukauka, na matokeo yake ni yale yale ya mapepe.

Kwa sababu hiyo, kalenda ya Mwea haikuwekwa kwa ubishi wa mtu. Katika msimu mkubwa, miche huoteshwa kitaluni mnamo Julai, hupandikizwa majarubani mnamo Agosti, na mpunga huchanua baridi ikiisha kupita. Kisha huvunwa mwisho wa mwaka. Baridi ya Julai huchelewesha miche, lakini haiui chavua, kwa kuwa chavua bado haijakuwapo. Kwa msimu wa pili, mkulima hupandikiza mwanzo wa mwaka ili avune kabla ya baridi kushika. Mwenye kukawia mpaka Machi au Aprili, akisema, "Miezi miwili si kitu," mpunga wake utabeba mimba katika Juni. Hapo amejipeleka mwenyewe mlangoni pa adui.

Zamani shida kubwa iliyowafanya watu kukawia ilikuwa maji. Mito hupungua, na kila sehemu yangoja zamu yake ya mfereji. Tangu Oktoba 2022, bwawa la Thiba lilipozinduliwa, kuna hazina ya maji ya mvua yapatayo mita za ujazo zaidi ya milioni 15, na matumaini ya kupanda mara mbili kwa mwaka yameongezeka. Lakini, ndugu zangu, bwawa laweza kuhifadhi maji. Haliwezi kuhifadhi joto. Maji yakiwapo Aprili, baridi ya Juni itakuja vile vile. Kwa hiyo mwenye maji mengi hana ruhusa ya kudharau kalenda. Na kama baridi ikimkuta mpunga ukiwa na mimba, yafaa kuongeza kina cha maji jarubani, kwa maana maji hushika joto kuliko hewa ya usiku, nayo hulifunika lile suke changa kama blanketi.

Tukishuka kwenda Nyanza, mambo ni mengine. Katika uwanda wa Kano, kwenye mashamba ya Ahero na West Kano, hapana baridi ya namna hiyo. Huko adui ni wawili. Wa kwanza ni maji kuzidi: Mto Nyando ukifurika wakati wa masika, majaruba na nyumba huzama pamoja. Wa pili ni ukame, nao huja kwa njia ambayo mtu hakuitazamia. Mwanzoni mwa 2023, baada ya mvua kukosekana misimu mingi, makundi makubwa ya kwelea kwelea yalishuka katika mashamba ya mpunga ya Kisumu. Ndege hao hula mbegu za nyasi za mwituni. Nyasi zilipokauka wakahamia katika jasho la wanadamu. Maji ya mfereji yalikuwa yameuokoa mpunga usikauke, lakini mvua iliyokosekana mbali porini ndiyo iliyowaleta ndege.

Na kule mdomoni mwa Mto Tana, Wapokomo tangu zamani walilima mpunga bila pampu. Bahari inapojaa, huyasukuma maji matamu ya mto kurudi nyuma na kupanda mashambani. Lakini mvua ikipungua huko milimani mto unapotoka, mto huwa dhaifu, na bahari huingia na chumvi yake, na chumvi haioteshi mpunga. Basi mkulima wa Tana hutegemea mvua isiyonyesha kwake. Hunyesha kwenye Mlima Kenya na Nyandarua, mbali naye sana.

Sasa tuiendee ngano. Ngano ni kinyume cha mpunga. Yenyewe hupenda ubaridi. Kwa hiyo Kenya hulimwa katika nchi za juu: Narok, Nakuru, Uasin Gishu, na upande wa Timau chini ya Mlima Kenya. Pengine utasema, "Kama yapenda ubaridi, basi shida iko wapi?" Shida ni kwamba sehemu kubwa ya ngano yetu haina mfereji. Yategemea mvua peke yake, na mvua hiyo yatakiwa iwe na adabu: inyeshe mbegu ikipandwa, iendelee ngano ikitoa machipukizi na kuchanua, kisha ikome punje zikikauka. Kwa kawaida Narok hupanda mapema, masika yanapoingia, ikavuna karibu na Julai na Agosti; Uasin Gishu na sehemu za Nakuru hupanda baadaye na kuvuna tangu Oktoba. Ndiyo sababu mvua ile ile ya Oktoba yaweza kumfurahisha mtu wa Ukambani anayepanda mahindi na maharagwe, na kumliza mtu wa Eldoret ambaye ngano yake imesimama mbivu. Mvua ikizidi hapo, mashine ya kuvunia haiingii matopeni, na punje huanza kuota zingali katika suke. Ngano iliyoota hivyo haifai kwa mwoka mikate. Mkate wake hunata kisuni.

Tena kuna ugonjwa wa kutu. Kutu ya ngano ni ukungu ambao mbegu zake huchukuliwa na upepo, nazo huota juu ya jani au shina lenye umande. Kutu ya shina hupenda siku za joto na usiku wa umande. Kutu ya manjano hupenda mahali pa baridi zaidi. Ugonjwa huu si mgeni. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lord Delamere alipolima ngano Njoro, kutu iliiharibu, naye akaajiri mtu wa kumtafutia mbegu zenye kustahimili. Mwaka 1927 kituo cha kuchunguza ngano kilianzishwa hapo Njoro. Kisha mwaka 1998 ilionekana Uganda kutu mpya ya shina yenye nguvu, ikaitwa Ug99, nayo ikavuka ikaja Kenya na kwenda hata Asia. Tangu 2005 mbegu za ngano kutoka nchi nyingi hupandwa Njoro kusudi zijaribiwe mbele ya adui huyo. Hivyo basi mkulima wa Bara Hindi ambaye hajaisikia Njoro kamwe huenda anapanda mbegu iliyopimwa katika umande wa Njoro. Lakini kutu nayo hubadilika, na mbegu iliyostahimili mwaka huu yaweza kushindwa miaka michache ijayo. Kwa hiyo mkulima wa ngano asikae na mbegu moja kama mtu akaaye na jina lake.

Labda mwenye duka au mama anunuaye unga atasema, "Hayo ni ya wakulima, mimi yanihusu nini?" Yanakuhusu sana. Kenya hailimi mchele wala ngano ya kuitosha. Sehemu kubwa ya mchele huja kwa meli, hasa kutoka Pakistan, na ngano nyingi hutoka ng'ambo. Pia mchele wa Tanzania hupita mpakani, kutoka nchi kama Mbeya ambako mvua ni moja tu kwa mwaka, tangu Novemba hata Mei. Basi hali ya hewa ya nchi hizo yaingia katika sufuria yako.

Tazama yaliyotokea. Katika Bara Hindi ngano hupandwa Novemba, mvua kubwa ikiisha, ikavunwa Machi na Aprili kabla ya joto kali. Machi 2022 joto lilikuja kabla ya wakati wake. Ulikuwa mwezi wa Machi wenye joto kuliko yote tangu 1901. Punje zilikuwa bado zinajazwa, zikanyauka. Mnamo Mei serikali ya India ilizuia ngano isiuzwe nje, wakati ambapo vita vya Ukraine vilikuwa vimekwisha kuvuruga biashara ya ngano. Katika mwaka huo huo mafuriko makubwa yaliharibu mashamba ya Pakistan, hasa Sindh, na mpunga ulikuwamo. Mwaka uliofuata mvua za kusi zilikwenda kombo. India ikazuia mchele mweupe wa kawaida usitoke tangu Julai 2023, na Agosti ya mwaka huo ikawa kavu kuliko Agosti zote tangu 1901. Zuio hilo liliondolewa Septemba 2024. Nchi hiyo huuza karibu sehemu mbili katika tano za mchele wote uuzwao baina ya mataifa. Ikifunga mlango, kila mnunuzi hukimbilia mlango wa jirani, na bei hupanda hata kwa yule asiyenunua kwake.

Kwetu nako miaka hiyo haikuwa ya raha. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika nchi kame za Kenya, Somalia na Ethiopia, tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022. Kisha, mwisho wa 2023, El Niño ikaleta mvua nyingi, na masika ya 2024 yakaleta mafuriko yaliyoua watu wengi. El Niño ni joto la bahari ya Pasifiki. Na Bahari ya Hindi nayo ina joto lake lenye kuhama upande huu na upande ule, nalo ndilo lililozidisha vuli ya 2019. Wataalamu huzitazama bahari hizo, na kwa hizo hutabiri.

Hapa, ndugu zangu, ndipo ninapofika kwenye jambo langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilifasiri tangazo la mvua za masika. Kiingereza chake kilisema kwamba uko uwezekano mkubwa wa mvua kuanza mapema katika sehemu fulani. Nami, kwa kutaka Kiswahili kilicho chepesi na kizuri, niliandika: "Mvua zitaanza mapema." Sikuona kosa. Maneno yalikuwa machache, na yalisomeka vizuri.

Baadaye nilipelekwa Narok kufasiri katika mkutano wa wakulima. Mama mmoja wa makamo akasimama, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ni wewe uliyeandika karatasi hii?" Alikuwa nayo, ameikunja ndani ya kitambaa. Nikajibu, "Ndiyo, mama, ni mimi." Akasema, "Niliisoma, nikakopa pesa ya trekta na mbegu, nikapanda ekari sita za ngano. Mvua ikanyesha siku tisa. Mbegu ikaota. Kisha mvua ikaondoka hata mwisho wa mwezi, na ngano ikafa yote. Wewe uliandika zitaanza. Kweli zilianza. Lakini mbona hukuniambia kwamba hata nyinyi hamkuwa na hakika?"

Sikuwa na la kumjibu ila kusema, "Nisamehe, mama." Mtaalamu alikuwa ameandika mashaka yake waziwazi, ni mimi niliyeyafuta, ili sentensi ipendeze. Mama yule akanijibu, "Mvua ni ya Mungu, wala sikudai. Lakini mashaka yenu nayo ni habari. Mngenipa mashaka yenu, ningepanda ekari tatu." Kisha akaketi.

Tangu siku hiyo nimeandika maneno "huenda" na "yaelekea" bila kuona haya, na ninawaomba nanyi mjifunze kuyasoma. Tangazo likisema kwamba katika miaka kumi kama huu, sita ingekuwa na mvua ya kutosha, maana yake ni kwamba minne isingekuwa nayo. Mwenye busara hupanga kwa ile sita, lakini haisahau ile minne.

Basi nimalizie kwa mambo machache ambayo maofisa wa ukulima wamenifunza.

Kwanza, msikilize habari za Idara ya Hali ya Hewa za mahali penu, si za nchi nzima tu. Tena sikilizeni tangazo la msimu, kisha la mwezi, kisha la juma. Lile la karibu ndilo lenye hakika zaidi.

Pili, mtu wa mpunga asihesabu siku ya kupanda peke yake. Ahesabu siku ambayo mpunga utabeba mimba na kuchanua, na kuangalia siku hiyo itaangukia majira gani. Na wenye mfereji mmoja wapande pamoja, kwa maana shamba lililo peke yake ndilo linaloliwa na ndege wote.

Tatu, mtu wa ngano asipande shamba lote kwa mvua ya kwanza, wala kwa mbegu ya namna moja. Achimbe aone kama unyevu umeshuka chini, maana mvua ya kulowesha vumbi si mvua ya kupandia. Na katika majuma ya mawingu na umande atembee shambani mwake kila mara, ili aione kutu ingali kidogo.

Nne, mvuneni kwa wakati, mkaushe vizuri, hata ngano ifikie unyevu wa asilimia 13 hivi. Mavuno mengi yameponea shambani yakafia ghalani.

Tano, ninyi wa mjini, mkisikia kwamba kusi imekwenda kombo huko Bara Hindi, msingoje bei ipande ndipo mkumbuke mtama, muhogo na viazi vilivyolimwa hapa kwetu.

Upepo hatuuamuru. Lakini twaweza kujua unapita lini, na kumwambia mkulima kweli yote tunayoijua, pamoja na kiasi cha mashaka yetu, ili achague mwenyewe ekari ngapi atazitia hatarini. Mama yule wa Narok alipanda tena msimu uliofuata, ekari tatu kwanza, na tatu baadaye. Alinipelekea salamu kwamba ngano imeinamisha kichwa.